Mwongozo Kamili wa Kubuni Neno la Mtaani na Kuliandikia Fasili ya Utani

Maneno ya kubuni ninayoletewa niyasome yana kasoro ile ile. Mtu anaanza na sauti iliyomchekesha, kisha anahangaika kuitafutia maana. Mwingine anachukua neno la Kiingereza, analibandika *ku-* mbele na kuamini amebuni. Fasili nayo inakuwa aya nzima ya kueleza kwa nini jambo lenyewe linachekesha. Watu wanalisoma, wanatabasamu kwa adabu, na kesho yake hakuna anayelikumbuka.

Njia ninayoifuata mimi inaanzia upande wa pili: kwanza pengo, kisha neno, na kichekesho kinakuja mwisho kabisa. Ukibadilisha mpangilio huo utarudi pale pale. Kwa hiyo nakuomba usiruke hatua, hasa ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Liwe la kazi hii tu. Ukichanganya na orodha ya manunuzi hutalifungua tena.
- Kamusi moja ya Kiswahili sanifu. Utaihitaji kwa kazi mbili: kuhakikisha neno lako halipo tayari, na kuiga namna kamusi inavyosema.
- Watu watatu. Mmoja wa rika lako, mmoja mkubwa kwako, na mmoja aliyekulia Kiswahili cha mahali tofauti na chako. Huyu wa tatu usimwache. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5.
- Siku 14 hivi. Neno linaweza kupatikana kwa dakika moja, lakini kujua kama linaishi kunataka muda.

Kipaji cha ucheshi sijakiorodhesha. Kinachotakiwa zaidi ni sikio.

## Hatua ya 1: Tafuta pengo, usitafute neno

Pengo ni jambo ambalo kila mtu analijua lakini halina jina. Dalili yake ni sentensi ndefu. Sikiliza watu wanaposema "unajua ile hali ya…" au "yule mtu ambaye kila mara…". Hapo msemaji amefika mahali lugha haijampa neno, naye analizunguka pengo kwa maelezo. Andika sentensi yake kama alivyoisema, bila kuipamba.

Nikuonyeshe pengo moja kwa karibu. Rafiki yangu alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, macho yamekaza kwenye kioo. Chini ya jina la mtu aliyekuwa akiwasiliana naye lilitokea neno "anaandika", likapotea, likarudi, likapotea tena. Akasema bila kuniangalia: "Ameandika, ameacha. Ameandika, ameacha. Sasa hata hewani hayupo." Ile sentensi niliiandika ilivyo. Kila mwenye simu anaijua hali hiyo, na bado hatuna kitenzi chake.

Kwa nini tunaanza hapa: neno linalojaza pengo hutumika tena kwa sababu linamfupishia mtu safari. Lisilojaza pengo halina kazi, hata likiwa tamu kiasi gani.

Onyo: hakikisha pengo ni pengo kweli. Watu wengi wameniletea neno jipya la "kujifanya hujui", ilhali *kuzuga* lipo na linafanya kazi vizuri. Tazama kamusi, kisha muulize mtu mkubwa. Mara nyingi wazee wanalo neno ambalo wewe hukuwahi kulisikia, na kulifufua hilo ni bora kuliko kubuni lingine.

Utajua umefaulu pale utakapomsomea mtu sentensi yako naye akaimalizia kabla hujafika mwisho.

## Hatua ya 2: Kamua hadi zibaki dhana mbili

Sentensi ndefu haiingii yote kwenye neno moja. Jiulize: nikiruhusiwa kubaki na dhana mbili tu, zipi zinabeba jambo zima? Kwa pengo letu nilibaki na *kuandika* na *kughairi*. Simu, kusubiri, donge la moyo, vyote niliviacha nje. Vitarudi vyenyewe kwenye fasili.

Wakati mwingine kinachofaa kubaki ni kitu kidogo cha pembeni. Tazama majina ya magari ya abiria: *daladala* ya Tanzania inatokana na *dala*, jina la mtaani la sarafu ya shilingi 5, na *matatu* ya Kenya inatokana na nauli ya sarafu tatu za senti 10. Hakuna aliyeangalia magurudumu wala viti. Watu walishika kile kilichokuwa mkononi mwao wakati wa kupanda. Nauli zilipanda tangu zamani, majina hayakubanduka.

Ukishindwa kufika dhana mbili, huenda umeshika mapengo mawili kwa pamoja. Yatenganishe, utapata maneno mawili.

## Hatua ya 3: Chagua njia ya kuliunda

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo nitakapokaa sana. Zipo njia nyingi, lakini hizi tano zinatosha kwa karibu kila pengo. Zijaribu zote kwa karatasi kabla ya kuchagua, maana njia ya kwanza kukujia ndiyo iliyomjia kila mtu.

Kuchanganya maneno mawili. Kiswahili sanifu chenyewe hufanya hivi: *chajio* ni chakula cha jioni kilichobanwa, na *chamcha* ni cha mchana. Siri ya kuchanganya vizuri ni kutafuta mahali maneno mawili yanapofanana sauti, ukakata hapo. *Kengele* inaishia na *le*, *lala* linaanza na *la*. Yakigusana yanatoa kengelala: ule usingizi wa baada ya kuzima alamu. *Njiani* na *ndani* yanakutana kwenye *n* na yote mawili yanaishia *-ni*, hivyo tunapata njiandani, mahali alipo mtu aliyesema "niko njiani" kabla hajatoka nyumbani. Msikilizaji anasikia *njiani*, halafu *ndani* inamshika ghafla. Mshono ndio unaobeba kichekesho.

Kwa *ghairi* na *andika* nilijaribu kwanza *andighairi*. Ni refu na linajikwaa mdomoni. Nikageuza, nikaweka *gh* mbele ya *andika*: ghandika. Silabi tatu. Na kulikuwa na zawadi ambayo sikuitafuta: wasemaji wengi hulitamka *gh* kama *g*, na hapo neno linaikaribia *ganda*. Mtu aliyeghandika ni kweli kama vidole vyake vimeganda.

Kusema kinyume. Ni mchezo wa watoto tangu enzi: chukua silabi ya mwisho, ilete mbele. Sheng, lugha ya mtaani ya Kenya, ilifanya *stori* kuwa *risto* kwa njia hiyo hiyo. Mimi naitumia pale tu ambapo maana nayo inageuka. *Subira* ikisemwa kinyume ni rasubi, na nikaipa maana ya subira iliyofika mwisho na kuanza kurudi ilikotoka. Sauti imepinduka, maana imepinduka, vinasaidiana. Kupindua neno lolote bila sababu ni kulificha tu. Litakuwa fumbo la kundi lako na halitavuka mlango.

Kuhamisha maana. Huhitaji sauti mpya kila mara. Nchini Tanzania *kuchakachua* lilivuma likisemwa juu ya mafuta yaliyochanganywa na mengine, kisha likahamia kwenye kura, na baadaye kwenye kila kitu kinachochezewa. *Kigogo* ni gogo dogo, lakini mtaani ni mtu mkubwa mwenye madaraka. Kwa njia hii nilimpata chujio, mtu asiyeweza kutunza siri. Kitu cha kuangalia ni kwamba sifa moja halisi ya kifaa ilingane na sifa moja halisi ya mtu. Chujio hupitisha kilicho laini na kubakiza makapi, na mtu huyu naye siri inapita, yeye anabaki na makapi. Ufananisho ukiwa wa juu juu, neno litahitaji maelezo kila linapotajwa.

Kuifanya sentensi kuwa neno. *Mlalahoi* ni mfano bora ninaoujua: anayelala hoi. Maisha ya mtu kutwa nzima yamekaa ndani ya neno moja. Kwa kuiga hilo tunapata shikahivyo, waya wa kuchajia unaofanya kazi ukishikwa kwa pembe fulani tu. Chukua maneno ambayo watu tayari huyasema kwenye hali hiyo ("shika hivyo hivyo, usisogeze!") na uyagandishe.

Kupachika viambishi. Hii ni njia ya mafundi wa istilahi: *kokotoa* ikavalishwa *ki-* na kuwa *kikokotoo*. Kwa utani ni njia ngumu kidogo, kwa sababu neno linatoka likiwa limevaa suti. Itumie mwishoni, neno likishapatikana, ili kulizalisha. Tutaifikia sasa hivi.

Onyo kuhusu kukopa: *kuchati*, *kusevu*, *kuposti* ni maneno yenye kazi na siyachukii. Lakini huko ni kukopa. Mchezo wa kubuni uko kwenye mshono, na neno la mkopo lililobandikwa kiambishi halina mshono wa kuonyesha.

Utajua umefaulu ukiwa na neno la silabi tatu hadi tano ambalo mtu anaweza kukisia nusu ya maana yake kabla hujamwambia.

## Hatua ya 4: Lipitishe kwenye sarufi

Neno la Kiswahili lisilonyambulika ni kama mgeni aliyesimama mlangoni na mizigo yake. Lazima liingie ndani likae.

Kama ni kitenzi, lijaribu kwenye minyambuliko yote unayoijua. Hivi ndivyo nilivyofanya na *ghandika*:

- *kughandikia*: kumfanyia mtu jambo hilo
- *kughandikiwa*: kufanyiwa ("Nimeghandikiwa tangu saa mbili")
- *kughandikiana*: wawili kufanyiana, kila mmoja akimsubiri mwenzake
- *mghandikaji*: mwenye tabia hiyo
- *mghandiko, mighandiko*: tukio lenyewe

Nilipofika *nimeghandikiwa* nilijua neno limepata uhai. Kauli ile ya kutendewa ilibeba jambo ambalo *ghandika* peke yake haikulibeba: kwamba mwenye maumivu ni yule anayesubiri upande wa pili. Usiache kunyambua hata kama umechoka, maana mara nyingi umbo lililo bora kuliko neno lenyewe limejificha huko.

Kama ni nomino, ipe ngeli mapema. *Kengelala* nimeiweka [i-/zi-]: kengelala imeninyima kifungua kinywa. Nomino ya mtu inachukua upatanisho wa [a-/wa-] hata umbo lake likiwa la kifaa. Tunasema *kigogo ametajwa*, wala si *kimetajwa*. Hivyo na huyu ni *chujio amefika, nyamazeni*. Upatanisho huo peke yake unamwambia msikilizaji kwamba hatuzungumzii kifaa cha jikoni.

## Hatua ya 5: Lisikilize kwa masikio ya wengine

Litamke kwa sauti mara kumi, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama maneno yetu mengi: ghan*di*ka, njian*da*ni. Ulimi ukikataa, rudi hatua ya 3.

Kisha tafuta mgongano. Kwa kuwa silabi zetu ni chache na za wazi, ni rahisi sana neno jipya kuangukia neno la zamani. Niliwahi kutaka kulisema *sahau* kwa kinyume. Silabi ya mwisho mbele, nikapata *usaha*. Ule ule unaotoka kwenye jipu. Nikalifuta palepale.

Mgongano mwingine hauonekani kwa macho kwa sababu uko kwenye mwangwi. Nilikuwa na pengo la jibu zuri la mabishano linalokujia umechelewa, watu wameshaondoka. *Jibu* na *chelewa* vikanipa jibulewa, nami nikalipenda. Nikampelekea mtu wa kwanza, akaniuliza, "Jibu la mlevi?" Wa pili naye akasikia *lewa*. Nikajaribu kujitetea kwamba ni *chelewa*, na nilipojisikia ninajitetea nikajua kazi imeharibika. Nililiweka kando siku tatu. Liliporudi lilikuwa jepesi zaidi: jibukesho. Hapo hakuna aliyeuliza kitu.

Sasa mlete yule mtu wa tatu, aliyekulia Kiswahili cha mahali pengine. Lugha hii inasemwa nchi nyingi, na neno safi kwako linaweza kuwa tusi la aibu kwa jirani. Mtamkie neno bila kumweleza maana na umtazame uso. Akishtuka au akicheka kabla hujaeleza, muulize kwa upole amesikia nini, na umwamini.

Onyo ambalo sitalilegeza: usibuni neno la kumcheka mtu kwa maumbile yake, ulemavu, kabila, dini au umaskini wake. Tabia tunaweza kuitania, kwa sababu mwenye nayo anaweza kuiacha na mara nyingi sote tunayo. Neno la dharau nalo husambaa vizuri, na ukishaliachia hulirudishi. Kipimo changu ni kimoja: je, ninayemtania anaweza kulitumia neno hili kujisema mwenyewe? Watu husema "jamani mimi niko njiandani" juu yao wenyewe. Hilo ni neno salama.

## Hatua ya 6: Andika fasili

Hapa ndipo maneno mazuri yanapouawa. Tazama fasili ya kengelala iliyoandikwa vibaya:

> *Kengelala ni pale ambapo mtu anazima alamu asubuhi halafu anasema nalala kidogo tu, kumbe anapitiwa kabisa na kuchelewa, yaani inachekesha sana kwa sababu sote tumewahi kufanya hivyo.*

Na hii ni fasili ya neno lile lile baada ya kufanyiwa kazi:

> kengelala *nm* [i-/zi-] usingizi wa dakika 5 unaoanza alamu inapozimwa na kuisha saa moja baadaye.

Vifupisho ni vya kamusi: *nm* ni nomino, *kt* ni kitenzi, *kl* ni kielezi. Tofauti imetoka wapi? Twende polepole.

Anza na jinsi ya kitu. Kamusi haisemi "ni pale ambapo". Inataja kundi la kitu kwanza, kisha inakitenga na wenzake. Kengelala ni *usingizi*. Usingizi gani? Ndipo maelezo yanakuja. Njiandani ni *mahali*. Chujio ni *mtu*. Kitenzi kielezwe kwa kitenzi: kughandika ni *kuanza kuandika…*, isiwe "tabia ya mtu kuanza kuandika".

Vaa uso wa kamusi. Sauti iwe ya mtu anayeeleza maana ya neno *kabati*. Usiweke alama za kushangaa, usiseme "eti", "yaani", wala "kumbe". Utani unawaka pale ambapo lugha nzito inabeba jambo jepesi. Ukicheka ndani ya fasili unamnyang'anya msomaji nafasi yake ya kucheka.

Tafuta undani mmoja wa kweli. Ninapoandika njiandani, ningeweza kusema "mtu ambaye hajatoka nyumbani". Ni kweli, lakini ni kweli ya jumla. Nikaanza kujiuliza: huyu mtu, sekunde ile anaposema yuko njiani, anafanya nini hasa? Nikamwona ameinama, mkono mmoja umeshika simu, mwingine uko chini ya kitanda.

> njiandani *kl* mahali alipo mtu aliyekwisha kusema yuko njiani, ambapo bado anatafuta kiatu cha pili.

Kiatu *cha pili*. Cha kwanza kimeshavaliwa. Neno hilo moja linaonyesha kwamba alijaribu, na ndilo linalomfanya msomaji ajione.

Kichekesho kikae mwishoni. Ukiandika "usingizi unaoisha saa moja baadaye ingawa ulikusudiwa wa dakika 5", habari ni ile ile lakini mwisho umelegea. Panga sentensi ili neno lenye ncha liwe la mwisho, kisha weka nukta na uondoe mkono.

Usizidishe maneno 20 hivi. Fasili yangu ya kwanza ya neno langu jingine, samacheko, ilikuwa na maneno zaidi ya 30. Nikafuta kila nilichoweza kufuta bila maana kupotea, hadi ikabaki hii:

> samacheko *nm* [i-/zi-] msamaha unaoombwa na mtu ambaye mabega yake bado yanatikisika.

Kicheko chenyewe hakijatajwa. Kimo kwenye jina na kwenye mabega, na msomaji anakiunganisha mwenyewe.

Hizi nyingine uzitazame ukitafuta wapi jinsi imetajwa, wapi undani umekaa, na neno gani limewekwa mwisho:

> ghandika *kt* kuanza kumwandikia mtu ujumbe, kusita, kuufuta, na kumwachia kazi ya kuukisia.

> chujio *nm* [a-/wa-] mtu anayeambiwa siri akabaki na makapi.

> jibukesho *nm* [li-/ya-] jibu lisilopingika, linalomjia mtu akiwa amekwisha kuzima taa alale.

> shikahivyo *nm* [i-/zi-] waya wa kuchajia unaopitisha umeme kwa pembe moja tu, inayojulikana na mwenye waya peke yake.

Utajua umefaulu ukimsomea mtu fasili, akanyamaza sekunde moja, kisha akataja jina la mtu anayemjua.

## Hatua ya 7: Ongeza mfano wa matumizi

Mfano una kazi tofauti na fasili. Fasili inaonyesha maana. Mfano unaonyesha neno likiwa mdomoni mwa mtu ambaye ameshalizoea. Kwa hiyo asiyelijua neno asiwepo kwenye sentensi. Usiandike "Leo nimeghandikiwa, yaani mtu ameandika halafu akafuta." Andika:

> *"Amejibu?" "Ameghandika mara tatu." "Basi habari si nzuri."*

Anayejibu hakuuliza maana. Msomaji naye anajikuta hataki kuuliza. Mfano mmoja unatosha. Wa pili uweke tu kama unaonyesha umbo jingine la neno, mathalani *kughandikiana*.

## Hatua ya 8: Liachie watu

Litumie kwenye mazungumzo ya kweli, mahali linapohitajika, bila kutangaza kwamba umelibuni. Mtu akiuliza maana, mpe fasili mara moja na uendelee na habari yako. Usilirudie rudie siku hiyo hiyo, kwa sababu watu wakihisi wanauziwa kitu hufunga masikio.

Kwa siku 14 andika kwenye daftari kila mara unapolisikia kutoka kwa mtu mwingine. Lisiporudi hata mara moja, usilaumu wasikilizaji. Rudi hatua ya 1 uangalie kama pengo lilikuwa la watu wote au lako peke yako. Mengi yangu yamekufa hapo, na rasubi ni mojawapo. Watu walilipenda walipolisoma, lakini wanapokasirika hakuna aliye na muda wa kusema kinyume.

Likirudi, sikiliza limerudi na umbo gani. Ishara kubwa kuliko zote ni mtu kulinyambua bila kufundishwa. Niliposikia "acha ughandikaji, sema unachotaka kusema", ilhali sikuwa nimemfundisha mtu *ughandikaji*, niliacha kulihesabu kama neno langu.

Baadaye utasikia likitumika kwa maana ambayo hukuikusudia. Mimi nililisikia kwenye kikao, mtu akimwambia mwenzake aliyenyoosha mkono akaushusha kabla hajapewa nafasi: "Umeghandika nini tena?" Hapakuwa na simu wala ujumbe. Ukikutana na jambo kama hilo usimsahihishe msemaji. Fungua daftari, tafuta ukurasa wa neno lile, na uongeze mstari:

> ghandika *kt* 1. kuanza kumwandikia mtu ujumbe, kusita, kuufuta, na kumwachia kazi ya kuukisia. 2. kunyoosha mkono kikaoni na kuushusha ukijikuna kichwa.